Kikombe Kilichompita Annah

Kabiria, Nairobi
Jumapili jioni

Kwa dada yangu mpenzi Mgeni,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti lako limepoa, na ile dawa ya kuchua aliyokuletea Afnan umeipaka kweli, hukuiweka kabatini pamoja na zile nyingine. Sisi huku hatujambo. Jua la mwezi huu limeamua kutukaanga, na vumbi la Kabiria linaingia mpaka ndani ya kopo la sukari. Shemeji yako Abdulrauf anakusalimu sana. Bado anasomesha madrasa yake mjini, na bado anatafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake.

Najua utashangaa kuletewa karatasi badala ya simu. Lakini nikikupigia, simu unaiweka sauti ya juu, na kabla sijamaliza salamu nimeshaulizwa habari na jirani aliyekuja kuazima mwiko. Hili la leo nataka ulisome peke yako. Watu wa mabasi watakuletea pamoja na kifurushi cha majani ya chai.

Kwanza nikushukuru kwa harusi ya binti yako Afnan. Tangu nirudi sijaacha kusimulia biriani ile, na vile ulivyowafukuza wapiga picha jikoni kwa kawa la kufunikia chakula. Jambo moja tu lilinikaa vibaya. Wifi yetu, mke wa kaka yetu Sadiq, alikaa peke yake karibu na mlango tangu siku ya kupaka hina mpaka siku ya kupeleka bibi harusi, na kila mkeka ukijaa, wake ulibaki na nafasi. Nilipokuuliza amekosa nini uliniambia hujui vizuri, ila wenyewe wanajua. Nami nikaliacha hapo hapo, nikachukua sahani yangu nikaja kukaa mlipokaa nyinyi.

Dada, tangu jana situlii. Nikiketi nasimama, nikisimama sijui nimesimamia nini. Jana usingizi haukuja, na leo asubuhi nimeosha sufuria ambayo haikuwa chafu. Abdulrauf ameniambia ama niandike ama nilale, maana namzungusha kichwa. Basi naandika.

Unakumbuka nilivyokueleza pale ninapouzia madera yangu Ngara. Ni ujia mmoja ndani ya jumba, vibanda vimepangana huku na huku, na ukikohoa mwanzo wa ujia, wa mwisho anakupa pole. Peres anauza mikoba karibu na ngazi, na sauti yake ndiyo redio yetu. Shiko anauza nywele za bandia. Were ni fundi wa simu, na kwa umbea anatushinda wanawake wote. Halafu niko mimi, na mkabala nami yuko Annah, Mkamba wa Kitui, anayeuza mapazia na kuyashona pindo papo hapo kwa cherehani. Wengine wapo, lakini hao wanatosha.

Tuna desturi ya chai. Kila siku mmoja wetu huja na thamosi kubwa ya chai ya maziwa, na ikifika katikati ya asubuhi huimimina vikombeni, akavipanga kwenye sinia, akaanza ngazini mpaka dirishani, kibanda kwa kibanda. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Lakini hata waliogombania mteja wakashikana nguo, sinia likifika kila mtu hupokea chake, na ugomvi hupumzika. Kumpita mtu na sinia ni kumwambia hayupo. Tangu nihamie ujia ule sikuwahi kuona mtu akipitwa.

Annah ndiye aliyekuwa mtu wangu. Ramadhani ilipofika alikuwa akipokea kikombe chake anakwenda kukinywea kule ngazini, eti harufu isinitese. Nilimcheka, nikamwambia nimeanza kufunga nikiwa na mapengo ya utoto, chai yake haitaniangusha. Hakuacha. Mwezi mzima akinywa chai amesimama kwenye ngazi, watu wakimpiga vikumbo na mizigo yao.

Basi niliporudi kutoka kwenu nilikuta sinia linampita. Siku ya kwanza sikushtuka, maana kabla sijasafiri alikuwa ameniambia kanisa lao litaanza mwaka kwa wiki kadhaa za kufunga na kuomba. Nikajisemea ndiyo ile funga. Lakini nikaona hata salamu hapewi. Mteja akiuliza mapazia yako wapi, Shiko alikuwa akimwelekeza jumba la pili, na Annah yuko pale pale anasikia, mguu wake juu ya cherehani.

Nikamuuliza Shiko kuna nini. Akaninong'oneza kwamba nilipokuwa Mombasa walikuja maafisa wa leseni, wakaenda moja kwa moja kwa wale ambao leseni zao zilikuwa zimekwisha, kana kwamba wameelekezwa. Na aliyewaelekeza ni Annah. Nikamuuliza amejuaje, akasema Peres ndiye anayejua. Nikaenda kwa Peres, akasema habari kamili iko kwa Were. Were akaninyanyulia nyusi, akaniambia hiyo kila mtu anajua, tena akashangaa mimi rafiki yake ndiye ninayeuliza.

Hapo ndipo ningetakiwa kuvuka ule ujia. Ni hatua mbili tu, dada, ningeweza kumuuliza bila hata kuinuka vizuri kwenye kigoda changu. Sikuvuka. Nilijiambia watu wengi namna hii hawawezi wote kukosea, na mimi sikuwapo, na wao walikuwapo. Zamu yangu ya chai ilipofika nilimimina vikombe pungufu kwa kimoja. Annah alikuwa ameinama juu ya pazia, hakuniangalia.

Jana ikaja siku ya mkutano. Wenzangu walikuwa wamemlalamikia mwenye jumba, naye akamtuma karani wake aje asikie. Karani ni kijana mpole, anayetaka kumaliza aende. Akasimama katikati ya ujia akasema kwamba ikiwa sisi wenyewe tunataka kibanda cha Annah kipewe mtu mwingine mwezi ukiisha, tuinue mikono aone. Annah alikuwa pale pale, ameketi nyuma ya cherehani yake.

Wallahi, hakuna mkono uliopanda. Tuliangaliana tu. Peres alimwangalia Shiko, Shiko akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia Were, na Were akainua mkono ajikune shingo. Peres kuona mkono wa Were, akapandisha wake. Were naye kuona wa Peres, akasahau kujikuna, akauacha juu. Kisha ikawa mmoja mmoja, kila mtu akimtazama jirani yake, mpaka ujia mzima ukawa umeinua mikono. Wangu sikumbuki kuuinua. Niliukuta uko juu.

Karani akashukuru akaenda zake. Annah akamalizia pindo alilokuwa akilishona, akakata uzi kwa meno, akaanza kuyakunja mapazia na kuyatia kwenye gunia. Ana watoto wawili shuleni, na mumewe, Musili, mgongo wake haujapona tangu aanguke kazini. Kibanda kile ndicho kinachowalisha. Nami nayajua hayo kuliko mtu yeyote aliyeinua mkono jana.

Leo nikashindwa kukaa. Nilikuwa na mkasi wake alioniazima, nikaufanya kisingizio, nikaenda mpaka kwake Kangemi, nyuma ya soko. Nilijua atanifungia mlango, na nilitaka anifungie. Hakunifungia. Alinikaribisha, akanifutia kiti, akamwita Musili anisalimu, kisha akawasha jiko akanipikia chai. Chai ya maziwa, dada, kikombe kimejaa mpaka ukingoni, akanipa mimi mkononi. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Alipoketi akaniambia kwamba hana neno na Peres wala Were, hao ni watu wa soko tu. Alitaka kuniuliza mimi jambo moja, na nikimjibu hatauliza tena. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana hayaniondoki: "Nisreen, ile Jumatatu kabla usafiri, mimi nilikuwa nimekukosea wapi?"

Nikamuuliza Jumatatu ipi. Akaniambia ile nilipokuwa na zamu ya chai, nikampita. Akasema alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea, nami nikainamisha macho nikalipeleka sinia upande wa pili, na yeye kwa aibu akaugeuza ule mkono akajifanya ananyoosha pazia. Shiko aliona. Peres aliona. Kesho yake zamu ilikuwa ya Peres, naye akampita. Keshokutwa Shiko akampita. Kufika siku ya nne hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na wakati alikuwa akipewa. Maafisa wa leseni, akasema, walikuja baada ya hapo, na walipokuja walikuta watu tayari wanatafuta sababu.

Mgeni, ngoja nikueleze Jumatatu ile ilivyokuwa, maana hakuna anayeijua ila mimi na Mungu. Ijumaa iliyotangulia ndipo Annah aliponiambia kwamba kanisa lao litaanza kufunga Jumatatu. Nilifurahi sana, nikajisemea sasa na mimi nimepata nafasi ya kumrudishia yale ya Ramadhani. Nilipofika kwake na sinia nikaepusha macho makusudi, na vikombe nikavipeleka upande wa pili ule mvuke usimfikie. Sikusema neno. Unajua tulivyolelewa, mama hakutaka hata kusikia tukiulizana nani kafunga na nani hakufunga, kwa sababu funga ya mtu ni yake na Mola wake. Ningeitangazaje ujiani, mbele ya Were? Nikampita kwa heshima zote, na jioni nikapanda basi kuja kwenu, moyo mweupe kabisa.

Kumbe, kama Musili alivyogusia leo akinisalimu, Jumapili ile kanisani waliahirisha. Mchungaji alifiwa, wakasogeza mbele. Annah aliamka Jumatatu akala mkate wake, akaja kazini, akawa anaingoja chai kama kawaida.

Mimi ndiye niliyeanza, dada. Sikuwa na hasira naye, sikuwa na kisa naye, na wenzangu hawakuwa na kisa naye pia. Waliona rafiki yake wa chanda na pete anampita, wakasema lazima kuna jambo zito. Na mimi niliporudi nikaona wote wanampita, nikasema lazima kuna jambo zito. Nilikuwa nikimfuata nani? Nilikuwa nikijifuata mwenyewe.

Na unajua nilimjibu nini Annah? Nilimwambia nimechelewa, giza litanikuta njiani. Nikaimaliza chai yake, nikaweka mkasi mezani, nikatoka. Nimekuja kwa miguu toka Kangemi, nikapita Kawangware bila kuona kitu, mpaka nikajikuta mlangoni kwangu. Niliogopa kwamba nikimwambia ilikuwa heshima, ataona nimetunga.

Nimemweleza Abdulrauf. Ameishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa, akanitazama. Amesema kama nilimpita mbele ya ujia mzima, basi kwenda kumnong'oneza sikioni hakutoshi. Namwelewa, lakini yeye hajui ule ujia. Nikiwaambia kwamba wameinua mikono kwa sababu ya upuuzi wangu, watamtafuta mwingine wa kumpita, na huyo nitakuwa mimi. Kesho ni zamu yangu ya chai. Naiacha barua hapa, maana nikiendelea nitajishawishi nisiende.

Jumatatu, baada ya Magharibi

Dada, nimerudi.

Nimekwenda. Nimepika chai nyingi kuliko siku zote, nikatia tangawizi na iliki kama ya mama. Ilipofika wakati wake sikuanza ngazini. Nilianza kwa Annah. Peres aliacha sentensi katikati, na hilo peke yake halijawahi kutokea. Nikaweka kikombe mbele ya Annah, juu ya meza ya cherehani, nikageuka nikawaambia wote kwa sauti. Nikawaambia habari ya funga, na ya Ramadhani na ngazi, na kwamba siku ile nilidhani namstahi, na kwamba hakuna jambo lolote zito wala jepesi alilonikosea. Nikasema ikiwa kuna mtu aliyemwona Annah na afisa yeyote kwa macho yake, aseme sasa.

Wakaanza kuangaliana, vile vile kama siku ya mikono, kila mtu akisoma uso wa mwenziwe ajue wake aupeleke wapi. Nikaona sasa ndiyo yanageuka, sasa ni mimi.

Were ndiye aliyecheka. Sijui alicheka nini, nadhani ni woga tu. Alipocheka Were akacheka Shiko, kisha Peres, kisha ujia mzima ukacheka kwa nafuu, kama watu walioambiwa mtihani umefutwa. Halafu maneno yakaanza. Were akaapa kwamba yeye siku ile alikuwa akijikuna. Peres akasema, "Mimi sikuwa na shida na Annah hata kidogo, nilikuwa nafuata nyinyi." Shiko akanigeukia, "Na wewe pia si uliinua? Mimi niliona yako ndio nikainua yangu." Mwingine akasema tangu mwanzo hakuamini habari ya maafisa. Chai haijaanza kupoa, dada, na tayari hakukuwa na mtu aliyewahi kumshuku Annah. Peres akampigia simu karani hapo hapo, sauti juu mpaka chini barabarani wakasikia, akamwambia kibanda ni cha Annah na mambo ya Jumamosi ayasahau. Karani akasema sawa. Imekwisha hivyo tu, kwa simu moja, kama ilivyoanza kwa kikombe kimoja.

Nilifurahi, sitakudanganya. Nilifurahi mpaka nikaanza kulia, na Shiko akanipa kitambaa. Ndipo tukakumbuka kumtazama Annah mwenyewe.

Alikuwa hajacheka. Alikuwa amekaa pale pale, akitusikiliza mmoja baada ya mwingine, na alipoona tumemaliza akainuka akalifungua lile gunia, akaanza kuyatundika mapazia yake moja moja. Peres akamwambia kwa upole, si kawaida yake, "Annah, kunywa basi, chai inapoa." Wote tukasogea kidogo, tukingoja. Annah akakitazama kikombe, akatutazama sisi. Akasema, "Asanteni sana. Lakini leo niko kwa maombi ya kufunga."

Akarudi kwenye cherehani, akaweka mguu.

Sijui kama ni kweli. Hakuna aliyethubutu kuuliza, na kuliko wote mimi ndiye sina haki ya kuuliza. Kikombe kile kilikaa mezani kwake mchana kutwa, kikafanya utando juu. Wateja walikuja, Shiko mwenyewe aliwaleta, na Annah aliwahudumia akizunguka kikombe bila kukigusa, na sisi tukipita tunakipa nafasi. Tulipofunga vibanda bado kilikuwa kimejaa. Mimi ndiye niliyekimwaga, peke yangu, kwenye sinki la chooni. Alipokuwa akitoka alinitakia usiku mwema kwa jina langu, na hilo nimelishika.

Kesho ni zamu ya Peres. Nitakuwa nikiliangalia sinia tangu linapotoka ngazini, na sijui nitafanya nini na mikono yangu mpaka lifike kwake.

Sasa naja kwako, Mgeni, maana hii ndiyo sababu ya karatasi na si simu. Tangu jana nikimfikiria Annah namwona mke wa Sadiq na ule mkeka wake. Uliniambia hujui amekosa nini, ila wenyewe wanajua. Hao wenyewe ndio nani, dada yangu? Ukimuuliza shangazi atakwambia nini, kama si kwamba wewe ndiye unayejua? Mimi nilikula harusi nzima bila kumsalimu mtu ambaye hajanikosea chochote, na nadhani nawe huna kisa naye. Inawezekana lipo jambo kweli, sisemi halipo. Lakini mtu mmoja aende akamuulize yeye, kabla hajazoea kukataa.

Nisalimie Afnan na mumewe, waambie nawaombea maelewano. Nisalimie shangazi, na Sadiq, na majirani wote, hata yule wa mwiko. Salamu za wifi yetu usizitume na mtoto wala usizipitishe kwa Sadiq. Mpelekee wewe mwenyewe, na goti lako hilo hilo. Na akikupa chai, kunywa.

Mdogo wako akupendaye,
Nisreen